Finjani Isiyotikiswa

Mwaka wa pili tangu tukimbie Unguja tulikuwa tumepanga vyumba viwili Matrah, kando ya Maskati, tukisubiri ruhusa ya kukaa. Bila karatasi ile tungerudishwa melini, na kwetu hakukuwa kwetu tena. Maskati ya zama zile hata miwani ya jua ilitiliwa shaka. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja na nilimshuku kila mtu, wa kwanza akiwa jirani yetu, karani mzee wa forodha.

Kila siku baada ya alasiri alikuja kunywa kahawa mkekani kwa baba, nami ndiye niliyemimina. Mgeni akitosheka huitikisa finjani na kuirudisha. Asipotikisa, unaendelea kumimina. Huyu hatikisi. Alikaa kaishika, kahawa inapoa, macho kayaelekeza ukutani, huku baba akimsomea mama aliyelala mgonjwa nyuma ya pazia.

Baba alikuwa mwalimu, na katika vitabu vyake vyote kilisalimika kimoja tu, cha Kiingereza: maisha ya mwanasiasa wa Kimarekani wa zama za mwanzo kabisa za nchi ile. Hakuwahi kukisoma. Sasa alikifasiri kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti, bila wasiwasi, maana jirani alizungumza nasi Kiarabu kitupu. Tukajua jinsi mtoto yule wa mkulima alivyosomea sheria, akachaguliwa kuingia baraza la jimbo lake, kisha akatia saini waraka wa kumkataa mfalme. Hapo roho iliniruka. Baba anasoma habari za kumkataa mfalme, na mtu wa serikali ya Sultani kakaa pale na finjani yake.

Siku tuliyofikia pale askari walipoichoma nyumba ya yule bwana wa kitabuni, naye akakimbilia msituni, baba alikifunga kitabu. Jirani akauliza, kwa Kiarabu, kama kitabu chenyewe ni kinene. Nani anauliza unene wa kitabu? Asubuhi yake, mama kalala na baba katoka, nikakichana chote na kukitia kwenye makaa ya seredani. Nilijiona nimetuokoa.

Alasiri jirani alikuja mapema. Kabla hajakaa alimkabidhi baba karatasi yenye muhuri: ruhusa yetu, aliyoihangaikia mwenyewe bila kutuambia. Kisha akasema, kwa Kiswahili kilekile chetu:

"Mwalimu, nna suali. Yule bwana, alirudi kwao?"

Akakaa mkekani, nami nikammiminia kahawa. Akaeleza kwamba aliishi Wete miaka mingi, kaacha huko mke na binti, na tangu aingie forodhani hathubutu kukisema Kiswahili mbele za watu, maana hajui nani anasikiliza. Kwetu alikuwa akija kukisikia tu.

Baba alinyoosha mkono rafuni, akaikuta tupu. Akanitazama. Jivu lilikuwa bado kwenye kucha zangu.

"Alirudi," baba akasema. "Akajenga palepale, akachaguliwa tena, akafa mzee kati ya watu wake."

Sikuwahi kumsikia baba akisema uongo kabla ya siku ile.

Mzee akaimaliza kahawa, akaitikisa finjani. Aliponirudishia alizitazama kucha zangu kwa muda, kisha akasema, "Alhamdulillahi."

Nimekuwa mtu mzima, nimepita maduka mengi ya vitabu, na sijakitafuta kile. Naogopa kusoma kwamba yule bwana hakurudi.