Kilio cha Tate Katikati ya Avenyi

Motari alisimamisha pikipiki, akageuka, akaniuliza, "Mama, nikuache wapi?" Nikamujibu kwa hasira kwamba nilishamwambia, kwetu. Akacheka. "Kwenu ni wapi sasa? Avenyi njo hii." Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Rafiki yangu, nilizaliwa pale, nilijifunza kutembea pale, na siku ile nilisimama katikati ya Walikale na muzigo wangu mukononi, sijui niingilie wapi. Haya, ile haya ya kupotea mbele ya mulango wa kwenu, usiombe ikukute.

Nilikuwa nimetoka Kisangani, mugongo ukiniuma kwa mashimo ya njia, kwa sababu walinipigia simu kwamba tate amefariki. Tate, yule aliyemuzaa mama yangu, njo aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mugongoni. Kwa miaka mingi sikurudi. Niliambiwa kwamba barabara ilipanuliwa, kwamba nyumba za avenyi yetu zilibomolewa na wenyewe wakapewa viwanja huko ng'ambo ya muto. Niliambiwa, lakini sikuelewa. Sasa niliona etaji, gorofa juu ya gorofa, zenye vioo vya bluu, milango mikubwa ya chuma, jenereta zikipiga kelele kila baraza, na katikati ya hayo yote nyumba ya tate, peke yake njo ilibaki, imekatwa baraza, mulango wake unatazama mufereji.

Ndani tate alikuwa amelazwa, amevalishwa kitenge chake cha Pasaka. Nililia mpaka nikachoka. Ndipo mujomba, kaka ya mama yangu, akanivuta kando akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kilio kitafanyika katika sale moja, ukumbi wa kukodi karibu na soko. Shefu wa kartye, mukubwa wa mutaa, amesema avenyi ni ya magari, hakuna muntu wa kufunga bashi, turubai la kilio, njiani tena.

"Na moto?" nikauliza.

"Sale iko na karo chini, marumaru ya kungaa, mupwa. Hawakubali moto."

Hapo damu ikanipanda. Labda wewe unajiuliza, mwanamuke huyu analilia moto wa nini? Ngoja nikueleze kwanza avenyi ile ilikuwa nini, kisha utaniambia kama hasira yangu ilikuwa ya bure.

Zamani, avenyi yetu haikuwa njia ya kwenda mahali pengine. Ilikuwa uwanja wetu. Nyumba zilikuwa za mbao na za udongo, zimepangana zikitazamana, na hakuna aliyekuwa na lupango, yaani ukuta wa kuzungushia kiwanja. Ukipika sombe, majani ya muhogo, avenyi nzima ilijua kama umetia mawese ya kutosha ama umebania. Asubuhi tuliamuka na mlio wa vinu, tii, tii, tii, na harufu ya mihogo iliyolowekwa, harufu ambayo wageni waliziba pua na sisi tuliona njaa. Kila mutoto alikuwa na kipande chake cha barabara cha kufagia mbele ya kwao kabla ya shule. Tate alikagua changu kwa macho tu, ameegemea nguzo ya baraza, mukate wa ndizi mukononi. "Hapo," alikuwa anasema, "uliacha hapo kwa ajili ya nani?" Nikarudi nikafagia tena huku nikinung'unika.

Upande wa pili aliishi mama jirani aliyekaanga mandazi. Alikuwa muchoyo wa maneno lakini si wa mandazi. Lile la kwanza kutoka katika mafuta hakuliuza, alimupa mutoto wa kwanza kupita. Usifikiri tulilala tukachelewa! Baada yake mwalimu wetu, aliyenyoa watu ndevu siku za Jumamosi na kututolea maswali ya hesabu huku wembe uko kwenye shingo ya muntu. Baada ya mwalimu, mushonaji wa nguo na mashini yake ya kukanyaga. Mihogo tulianika katikati ya barabara, kwenye mikeka, na lori likipita, kama lilipita, kondakta alishuka kwanza akaomba mikeka itolewe. Aliomba, unasikia? Hakupiga honi.

Na muntu alipofariki, barabara ilifungwa. Hakuna aliyetafuta ruhusa. Bashi lilifungwa kutoka paa la upande huu mpaka paa la upande ule, na moto ukawashwa chini, katikati kabisa. Sikiliza vizuri desturi yetu. Moto wenyewe ulitoka jikoni mwa marehemu, makaa mekundu kwenye kigae. Lakini nyumba iliyofiwa haikutafuta kuni. Kila nyumba ya avenyi ilileta ukuni wake, mumoja, mukubwa, wa kuwaka mpaka maziko. Muleta ukuni aliuweka motoni mwenyewe, na alipouweka alisema kwa sauti: "Nyumba ya fulani imefika." Basi. Hakuna hotuba. Waliofiwa walikaa pale na kusikia avenyi ikifika, nyumba baada ya nyumba, na nafsi ilitulia kidogo.

Kwetu mimi njo nilikuwa mubebaji. Tate alichagua ukuni kama wengine wanavyochagua kitambaa cha arusi. Aliugonga, akausikiliza, akaunusa. "Huu ni wa moshi, weka chini. Peleka huu mukubwa, wasituone wachoyo." Mimi shingo inaniuma, yeye nyuma yangu ananihimiza nisiuburute.

Kuna mara moja alihamia kwetu mufanyabiashara mumoja kutoka Butembo, mukatoliki, muntu wa moyo mwema, aliyefungua magazini, duka la chumvi na sabuni. Kilio cha kwanza kilipotokea, yeye alitaka kuonyesha ukarimu, akaleta gunia zima la makala, makaa meusi ya kupikia. Wee! Makala yako ni ya nani? Yanaingia motoni yanachanganyika, hakuna anayeona nani amefika. Na tena ni mengi, ni kama kutuambia kuni zetu ni takataka. Masikini alisimama na gunia lake, jasho linamutoka, hajui kosa ni lipi. Tate aliondoka, akaenda jikoni mwetu, akarudi na ukuni, akamupa mukononi. "Weka, Papa. Sema nyumba yako." Akasema. Tangu siku ile alikuwa muntu wa avenyi, na makala yake tulipikia maharagi ya kilio. Tate alimucheka kwa miaka, lakini machoni pake, si kisogoni.

Sasa unaelewa. Huyo njo muntu waliyetaka kumulilia kwenye karo.

Nikamwambia mujomba, "Mimi siendi kwenye sale." Akasema, "Mupwa, watu wenyewe hawako. Waliishatawanyika. Utawasha moto, halafu?" Maneno yale yalinichoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Tate alipeleka ukuni kwa kila nyumba iliyofiwa, hakuruka hata moja. Zamu yake imefika, na wale wa kumuletea wako ng'ambo ya muto, wengine wazee, wengine hawajui kama amefariki. Moto ungebaki na vijiti vya jikoni, tate angezikwa kama muntu asiyekuwa na watu. Hiyo njo iliniogopesha, kuliko shefu, kuliko amri.

Lakini nilienda jikoni. Nikachota makaa ya tate kwenye kigae, nikatoka nayo, nikaruka mufereji, nikayamwaga katikati ya barabara yao nzuri pana. Juu yake vijiti. Nikakaa chini kwenye mukeka. Mujomba akatikisa kichwa, kisha akaenda kuwatuma motari wavuke muto na habari. Bon, tukangoja.

Shefu wa kartye alifika kabla ya watu wetu.

"Mama, nani alikupa ruhusa ya kuwasha moto mu barabara ya Leta, ya serikali?"

"Ule iko analala mule ndani."

"Mimi niko na amri. Kilio inafanyika mu sale."

"Tate alikuwa hapa kabla ya barabara yenu, Papa shefu. Leo iko siku yake. Kesho tukisha muzika, mutapitisha malori yenu."

"Nitaandika raporti."

"Andika. Na jina langu uandike muzuri, watu wananikoseaka."

Alienda kusimama chini ya balkoni ya etaji moja na simu sikioni. Sikumuchukia. Alikuwa na kazi yake, na mimi nilikuwa na yangu.

Kisha lori likaja, limejaa mizigo ya Kisangani, likapiga honi mara ndefu. Mujomba akainua mukono. Dereva akatazama moto, akatazama mulango wa tate na wamama waliokaa kizingitini, akazima mashini. Alishuka, kofia mukononi. "Munisamehe, sikuona kama iko kilio." Halafu, sijui kama alifanya makusudi, aliliegesha lori lake kwa kulikingamisha njia nzima, hata aliyetaka kupita asipate pa kupitia. Nilicheka siku ile, mara hiyo moja.

Jua lilipita juu ya etaji likaanza kushuka. Vijiti viliungua. Niliongeza vingine, vikaungua. Watu wa magazini walisimama milangoni wakitutazama, wema tu, lakini hawakujua la kufanya. Nakuambia kweli, nilianza kuogopa. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia tate.

Nikamuona mama jirani, yule wa mandazi. Amepinda kabisa sasa. Alikuwa anapanda kutoka upande wa muto, kamba ya muzigo kwenye kipaji cha uso, na mugongoni kitu kirefu. Nikakimbia kumupokea, akakataa. Aliufikisha mwenyewe. Alipoutua nikaona si ukuni. Ilikuwa nguzo, imechongwa pembe nne, nyeusi kwa moshi, misumari ya zamani bado imo.

"Iko nguzo ya mulango wangu," akasema, huku anahema. "Siku mashini ilikuya kubomoa, niliikamata kabla ivunjike. Nikaichunga. Watoto walinicheka, mama, unachunga mbao ya nini? Sikujua. Leo njo nimejua."

Akaiinamisha motoni, mwenyewe. "Nyumba ya mama wa mandazi imefika."

Na nyuma yake walikuwa wengine. Alikuwa amewaambia huko ng'ambo, wakati wa kungoja mutumbwi: musimuletee tate kuni ya pori. Mwalimu, kipofu sasa, ameshikwa mukono, alileta kipande cha boriti ya paa lake. Mushonaji alifariki zamani, lakini binti yake alikuja na fremu ya dirisha ambalo baba yake alishonea chini yake. Mwingine mulango. Mwingine ubao wa kizingiti, katikati umelika kwa miguu ya watu, na miguu yangu imo. Nyumba ya mwalimu imefika. Nyumba ya mushonaji imefika. Walisimama kuzunguka moto kwa mupango uleule, wa upande wetu upande wetu, wa upande wa pili upande wa pili, bila muntu kuwaagiza, na nilipofumba macho niliweza kuitembea avenyi yote kwa sauti zao tu. Nililia, lakini si kilio cha mwanzo. Hata shefu aliacha simu.

Mbao zile zilikuwa kavu za miaka, na zilijua moshi tangu zamani. Ziliwaka!

Sitakudanganya, rafiki yangu. Avenyi ya utoto wangu haiko tena. Vinu havilii, mihogo haianikwi, na yale mabaki ya mwisho waliyoyaficha watu chini ya vitanda vyao, tuliyachoma siku ile sisi wenyewe. Ukienda leo utakuta barabara nyekundu, safi, na hakuna kitu cha kukuonyesha. Wataandika kwamba palikuwa na nyumba mbovu zikatolewa. Waandike. Mimi nilikuwa pale, na ninajua zilitoka namna gani: zilitoka mugongoni mwa wenyewe, zikaenda kwa muntu aliyestahili.

Asubuhi, kabla hatujambeba tate, mashini ya kusawazisha barabara ilikuja kazini. Ikafika nyuma ya lori, ikaona moto bado unawaka na watu wote wa avenyi wamekaa wameuzunguka. Mwenye kuiendesha akaizima, akashuka, akakaa chini kando ya tairi. Akatungoja tumalize.