Jairus Sifuna Hakulipa Mahari Bungoma

Mume wangu, Jairus Sifuna, alikuwa na mke mmoja. Mke huyo ni mimi. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu habari za mke wa pili nimezisikia sokoni Kitale, nimezisikia kanisani Kiminini, na hata kwenye foleni ya benki, ambako mama mmoja asiyenijua alinisimulia mimi mwenyewe ndoa ya pili ya mume wangu. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwambia jina langu.

Wengi wa wanaoeneza maneno hayo walisoma wakiwa wamevaa sare alizoshona Jairus. Kwa hiyo nitaanza na sare.

Alizaliwa upande wa Bungoma, akaja Kitale akiwa kijana, akapata nafasi ya cherehani moja kwenye veranda ya duka la mtu. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa Kiswahili. Nilimpelekea kitambaa cha sketi, akanipima, akaandika vipimo vyake kwenye ganda la pakiti ya sigara, ingawa hakuvuta sigara maisha yake yote.

"Mwarimu," akasema, "hii sketi itakuwa mrefu."

"Mwalimu," nikamwambia. "Na sketi huwa ndefu."

"Si ndiyo hiyo nimesema."

Tulioana mwaka wa 1989. Nilimsahihisha kwa miaka thelathini na minne. Hakuudhika hata siku moja, na hakubadilika hata kidogo.

Jairus alikuwa na desturi moja ya kazi iliyowachekesha mafundi wenzake. Kila sketi na kila suruali ya shule aliiachia pindo la vidole vinne, wakati wengine walitosheka na kidole kimoja. Rafiki yake Wamalwa, ambaye duka lake la viatu linapakana na letu, hakuchoka kumtania.

"Sifuna, bana, hiyo ni sketi ama ni pazia?"

"Mtoto atakua. Kitambaa haikui."

"Na wewe utakula nini, kama mtu hanunui ingine?"

"Nitakula kwa ndugu yake mdogo."

Na kweli alikula. Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, akina mama walipanga mstari hadi barabarani, wameshika sare za mwaka uliopita, na mafundi wake walifumua mapindo na kuyashusha bila malipo. Mama aliyeshushiwa pindo la mtoto wa kwanza hakwenda kwa fundi mwingine kumshonea wa pili. Kutoka veranda alihamia chumba, kutoka chumba kimoja akawa na viwili. Aliwaajiri mafundi wanne, akashonea shule nyingi za Kitale na zingine za Moi's Bridge. Tulijaliwa watoto watatu na wote wakasoma. Kasoro zake nazijua pia. Aliendesha gari polepole hadi baiskeli zikatupita, na kanisani aliimba sauti ambayo haikuwa ya kwanza, ya pili wala ya tatu.

Septemba 2023 alianza kwenda Bungoma kila Jumatano. Aliniambia anatafuta vitambaa. Sikuona ajabu, mpaka siku moja Mama Chesang, mwenyeji wa Kapsokwony anayetuuzia maziwa, aliposimama mlangoni na kukataa kukaa.

"Mwalimu, mimi sitaki maneno. Lakini wanasema mzee amelipa mahari huko Bungoma."

"Wanasema akina nani?"

"Si Wamalwa mwenyewe! Na huyo ni rafiki yake."

Nilimlipa maziwa yake, nikafunga mlango. Ningeweza kumuuliza Jairus jioni hiyo hiyo. Sikumuuliza. Nilijiambia kwamba mwanamke mwenye heshima zake haulizi swali la namna hiyo huku anapakua ugali. Nilingoja aseme mwenyewe. Wiki zikapita, Jumatano zikapita, nami nikawa natabasamu kanisani huku naona watu wakinihurumia. Mwezi wa Februari, saa sita mchana, moyo wake ulisimama akiwa dukani, chaki ya kukatia ingali mkononi. Nikabaki na swali langu.

Sisi Wabukusu, siku chache baada ya mazishi, ukoo huketi uwanjani na kuuliza kama kuna mtu mwenye neno na marehemu. Kama kuna mke mwingine, hiyo ndiyo siku yake. Akikubaliwa, hupewa nafasi katika boma, na watoto wake huhesabiwa pamoja na wa nyumba ya kwanza. Tulimzika Jairus kwenye shamba letu la Kiminini, na siku ya kikao niliketi mbele pamoja na watoto wangu. Sikuwahi kuona watu wengi namna ile katika kikao. Walikuja kumwona huyo mwanamke.

Mzee Nakhungu, kaka mkubwa wa Jairus, aliuliza mara ya kwanza. Hakuna aliyeinuka. Aliuliza mara ya pili. Hapo gari jeupe likasimama langoni, akashuka mwanamke wa makamo aliyevaa buibui jeusi, na nyuma yake mwanamume aliyebeba gunia dogo la mchele.

"Ndiye huyo," mtu akasema nyuma yangu.

"Ati Mwislamu? Eh, Jairus!"

Lenah, kitinda mimba wangu, alinishika mkono.

Mwanamke yule alisalimia vizuri, akatupa pole. "Naitwa Hasina. Natoka Bungoma mjini, karibu na msikiti. Huyu ni ndugu yangu, Yakub. Tumechelewa kupata habari, mtusamehe."

"Karibu, mama," Mzee Nakhungu akamwambia. "Una neno na marehemu?"

"Ninalo. Bwana Sifuna alilipia mahali kwangu."

"Mahari!" bibi mmoja akapaza sauti. "Mmesikia? Amesema na mdomo yake!"

"Mahali, bibi," Hasina akasema. "Ma-ha-li. Chumba cha duka. Mimi ndiye mwenye nyumba, yeye mpangaji wangu."

Kisha, kama kwamba wameambiana, watu wote wakageuka kumtazama Wamalwa. Naye alikuwa amekwisha kusimama.

"Si ndiyo hiyo nilisema! Nilimwambia Chesang, Sifuna ameripa mahari Bungoma! Mahari ya kuweka cherehani!"

"Ngoja," Mzee Nakhungu akasema, ameinua fimbo. "Tuambie vizuri. Ni mahari, ama ni mahari?"

Mzee mwenyewe alikuwa ametamka neno lile lile mara mbili.

"Ni mahari, mzee!"

"Wewe Wamalwa!" Mama Chesang akapiga kelele kutoka kwa akina mama. "Kuna ya ng'ombe na kuna ya kukaa! Uliniambia gani?"

"Ya kukaa! Ng'ombe imetoka wapi?"

"Sasa si ungesema ploti!"

Mchungaji ndiye aliyecheka kwanza, akajifanya anakohoa. Baada yake hakuna aliyejizuia. Mimi nilicheka, nikiwa katika nguo za msiba, mpaka machozi yakanitoka, na sijui hata leo machozi yale yalikuwa ya nini. Nilifundisha tofauti ya herufi hizo mbili, l na r, tangu ujana wangu. Kumbe jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hakuwa amenisikia.

Hasina alisubiri watu watulie, akafungua mkoba wake, akatoa ufunguo na karatasi iliyokunjwa. Chumba kilikuwa kimelipiwa hadi mwisho wa mwaka uliofuata, alisema, na ndani tayari kuna cherehani tatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

"Hii ni amana," akasema. "Siwezi kukaa nayo. Lakini si ya mama. Karatasi ina jina la mtu mwingine."

Akasoma: Lenah Nanyama Sifuna.

Nieleze. Kabla ya Jumatano zile kuanza, Lenah alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea uhasibu, alipotwambia mezani kwamba anataka kuacha na kushona kama baba yake. Nilimjibu kwamba baba yake ameinamia cherehani miaka yote hiyo ili yeye asiiname. Nilisema katika nyumba yangu neno hilo lisirudiwe. Jairus alikuwapo. Alikula, akanawa mikono, hakuongeza neno.

Uwanjani Lenah alichukua ufunguo kutoka kwa Hasina, kisha akanigeukia na kuniwekea kiganjani. "Mama, ukisema hapana, nitarudi chuoni."

Watu wote walikuwa wakinitazama. Niliurudisha ufunguo mkononi mwake, nikamwambia aandae chai, wageni wametoka mbali.

Alifungua duka Mei mwaka huo. Mpaka sasa anashonea shule sita za Bungoma, na amewafundisha wasichana wawili kuacha vidole vinne. Anaishi nyumba moja na Hasina, uani nyuma ya duka. Ramadhani iliyopita alisema atafunga pamoja na mwenyeji wake kwa adabu. Siku ya tatu Hasina alimkuta nyuma ya marobota ya vitambaa na andazi mdomoni, na habari hiyo imenifikia kwa watu wanne tofauti. Hii nawaruhusu waieneze. Wamalwa naye bado anatania kwamba mahari yake ndiyo peke yake iliyoleta watu wengi vile bila ng'ombe.

Januari nilikwenda kuona. Akina mama walikuwa wamejipanga hadi karibu na msikiti, sare mikononi, na mwanangu alikuwa ameinama. Alikuwa akicheka na mtu. Nilikaa kwenye kiti nikafumua mapindo mpaka jioni.

Hizo ndizo habari za Jairus Sifuna: fundi, mzee wa kanisa, baba wa watoto watatu, mume wa mke mmoja. Ukoo umesikia, karatasi ipo, na Hasina yuko hai mnaweza kumuuliza.

Sasa nasikia waliokosa mke wa pili wameanza kuuliza swali jingine: kwa nini mtu amfiche mkewe chumba cha kushonea? Jibu ninalo. Sitalitoa.