Maneno Ambayo Hayamo Kwenye Muvi

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na sikuwa nimeweka kitu tumboni zaidi ya chai ya rangi. Naanza na hilo kwa sababu najua mtakachouliza. Homa? Sikuwa nayo. Bangi? Sijawahi. Usingizi nakubali ulikuwa mchache, lakini usingizi mchache haumpaki mtu vumbi la pumba kwenye suruali. Jambo hili lilinitokea. Nimelichunguza kila upande, maana ndivyo nilivyoumbwa, na sasa nimechoka kulichunguza. Nalisimulia kama lilivyo.

Kwanza muvi yenyewe. Nilipokuwa darasa la tano niliishi kwa shangazi, Mwananyamala. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda la video: kuta za mabati, mabenchi, televisheni moja, na pazia jeusi mlangoni la kuzuia mwanga. Muvi zilikuwa za nje, kwa hiyo pembeni ya televisheni alikaa mtafsiri na kipaza sauti chake, akituambia kwa Kiswahili kila kinachosemwa. Wa kwetu aliitwa Dijei Kibatari. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na alitafsiri hadi mbwa wakibweka.

Niliyoipenda kuliko zote ilihusu marubani wawili kwenye chombo kilichopotea mbali huko kwenye nyota. Mmoja anatoka nje kukarabati, kamba inakatika, anapotea. Siku tatu baadaye, hewa yake imeshaisha zamani, mtu anagonga mlango. Kapteni, yule aliyebaki ndani, anachungulia kwenye kioo kidogo. Ni rafiki yake. Ameweka kiganja kwenye kioo, midomo inacheza. Kapteni anamtazama sana, halafu anageuka, anakaa chini, mgongo ameuegemeza mlangoni. Hafungui.

Midomo ilipocheza, Kibatari alisema: "Usifungue, ndugu yangu. Huyu si mimi."

 Nimekua na sentensi hiyo. Chuoni wenzangu walibishana, huyu akisema kapteni mwoga, yule akisema katili, na mie nikasimama na nadharia yangu: aliyegonga alikuwa kitu kilichovaa sura ya rafiki, na rafiki mwenyewe, kwa upendo, alipenyeza onyo. Kwamba kuna wakati kutomfungulia mtu ndiyo heshima unayompa. Niliandika makala ndefu mtandaoni. Jamaa mmoja akanijibu, "Braza, pale hakuna sauti kabisa. Hayo maneno umeyatoa wapi?" Nikaitafuta muvi isiyotafsiriwa. Kweli. Midomo inacheza, kimya kitupu. Kibatari alijitungia.

Unadhani nilibadili nadharia? Sikubadili. Ilikuwa inanifaa.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Masasi. Alikuja Dar kwa ajili ya macho, presha ya macho. Jicho la kulia lilishakwenda, na kuhusu la kushoto daktari hakumficha: litafuata, tena karibuni. Taa hazikumsaidia tena, aliona kwa mwanga wa jua tu. Alifikia kwa shangazi, ambaye siku hizi amejenga Kigamboni, akanipigia simu. "Njoo nikuone wakati bado naona."

Sasa mie, kwa miaka miwili, nilikuwa nimemwambia baba kwamba nafanya kazi ofisini. Ukweli ni chumba cha watu watatu kule Boko na vyeti ndani ya bahasha ya kaki. Nikamjibu nipo kikaoni. Alipopiga tena, nipo kikaoni. Mara ya tatu akacheka kidogo, "Vikao vyenu havina mwisho?" Kisha akanyamaza.

Unyamavu ule uliniua. Usiku kucha niliujaza mwenyewe. Nilimsikia akisema nimemwaibisha mbele ya walimu wenzake, nikamsikia akisema heri angemsomesha mdogo wangu. Hakuna hata neno moja kati ya hayo alilolisema.

Ikafika siku ya mwisho. Kesho yake, kabla jua halijatoka, angepanda basi kurudi Masasi. Kwa hiyo ama anione siku ile kabla ya magharibi, ama asinione tena. Nikatoka Boko saa sita mchana. Nikashuka Mwananyamala. Nilijiambia ninyoe ndevu kwanza, maana mtu wa ofisini haendi kwa baba yake na ndevu kama zile. Uongo mtupu. Nilikuwa natafuta cha kunichelewesha. Kwa kinyozi kulikuwa na foleni, nikazunguka nyuma ya ile nyumba ya zamani ya shangazi kupoteza muda, na hapo ndipo nikaisikia sauti. Nzito, yenye mikwaruzo.

Pazia lilikuwa lile lile jeusi, limechanika chini. Ndani giza na joto. Watu kama sita walikaa mabenchi ya mbele, nikaona migongo tu. Nikakaa nyuma. Kwenye televisheni kilikuwepo chombo, na pembeni, mwanga wa bluu ukimpiga shavu moja, alikuwepo Kibatari. Niamini, sikuogopa. Nilifurahi. Hata sikujiuliza kwa nini hakuwa amezeeka.

Sehemu ile ikafika. Kiganja kwenye kioo. Midomo ikacheza. Kibatari akashusha kipaza sauti na kunyamaza.

Nikavumilia, nikashindwa. Nikasema kwa sauti, "Usifungue, huyu si mimi!"

"Dogo, tuachie muvi bwana," akasema mmoja wa mbele bila kugeuka. "Kama unajua kutafsiri si ungekaa pale?"

Wenzake wakacheka. Kibatari akaniangalia. "Bado unayo hiyo?"

"Si ulisema wewe, kaka?"

"Nilisema. Pale hamna kitu, dogo. Banda limejaa watoto, wote mnanikodolea macho, nikaogopa kimya nikachomeka langu. Muvi ikaisha nikaenda kula. Wewe hujala mpaka leo."

"Sasa yule anasema nini?"

"Nitajuaje? Angefungua angesikia."

Simu ikatetemeka mfukoni. Baba.

"Kapokelee nje," Kibatari akasema. "Na ukishatoka usirudi kuangalia mwisho. Hawa nao walitaka kuangalia mwisho."

Nikaitazama ile migongo sita. Haki ya Mungu, hakuna hata mmoja uliokuwa ukipumua.

Nilitoka mbio. Nje jua lilikuwa limeshuka mno. Simu ilikuwa imekatika, na kwenye kioo chake nikaona baba amepiga mara tisa, na saa ni kumi na moja jioni. Mie nilihesabu nimekaa robo saa. Nikageuka nyuma. Pazia hakuna. Kulikuwa na mlango wa chuma uliofunguliwa wazi, magunia yamepangwa hadi juu, na mama mmoja wa makamo anapima chakula cha kuku.

"Karibu baba. Wa mayai au wa nyama?"

"Shikamoo mama. Samahani, hapa si kuna banda la video?"

"Marahaba. Lilivunjwa kabla sijapanga hapa. Na yule mtafsiri wenu alishazikwa." Akaniangalia suruali, imejaa pumba nyuma. "Kumbe umekalia magunia yangu! Nyie mna nini lakini? Wewe wa tatu kuja kumuulizia. Ila wale wawili niliwaona wakiingia, sikuwaona wakitoka."

Alisema huku akicheka na kunipangusa vumbi. Mie sikucheka.

Nilichukua bodaboda hadi kivukoni Magogoni. Nilivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni nimesimama, macho kwenye jua, nikilisihi kama mtu. Nilipofika kwa shangazi lilikuwa limebaki juu kidogo ya ukuta wa jirani. Baba alikuwa uani, amegeuza kiti kuelekea upande huo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sogea huku penye mwanga."

Nikapiga magoti mbele yake. Akanishika kidevu, akanigeuza kushoto, akanigeuza kulia, polepole, kama anasahihisha daftari.  Shangazi akaropoka kutoka jikoni, "Mtazame alivyokonda! Vikao vimemmaliza!"

"Dada, mwache," baba akasema.

Akarudi kunitazama, bila neno. Maneno yalinijaa mdomoni, yangu na yake, yote niliyomtungia kwa siku zote zile. Nikayaacha. Mara hii nikangoja. Ukuta ukalimeza jua.

"Una ndevu za babu yako," akasema.

"Baba, sina kazi."

"Najua. Shangazi yako alinieleza tangu mwaka jana. Mie sikukuita nione kazi."

Hakuondoa mkono hadi giza likaingia.

Jicho lile lilizimika siku chache baada ya kufika Masasi. Hunipigia kila Jumapili, na kabla ya kuuliza nimekula nini huuliza kama nimenyoa. Sijanyoa. Nimekwenda kwenye usaili mara tatu na ndevu hizi na mara zote nimeona wanavyozitazama, lakini ndiyo sura aliyobaki nayo, sasa niitoe vipi?

Muvi ile siwezi kuiangalia tena. Nilijaribu mara moja, kwenye simu, mchana kweupe. Midomo ilipocheza, nikasikia benchi likilia nyuma yangu, kama mtu anasogea kunipisha nikae. Nikazima. Chumbani nilikuwa peke yangu, nimekaa kitandani, na sie pale chumbani hatuna benchi.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukipita Mwananyamala mchana ukasikia sauti nzito ya mikwaruzo inatafsiri muvi nyuma ya nyumba za watu, usiingie. Kama umeshaingia, na simu ikatetemeka mfukoni, toka upokee. Mwisho wa muvi ile mie sijauona. Waliobaki kuuangalia bado wako mle, kwenye mabenchi ya mbele, na nafasi zimebaki nyingi.