Mdogo Wangu Alipoazimwa Hatta

Filamu yenyewe haikunitisha. Mayowe, damu ya rangi, mimi napiga pasi huku nacheka. Kilichoniharibia usingizi ni binti wa madam niliyemfanyia kazi za ndani aliponiambia kwamba muuaji wa filamu ile alikuwepo kweli, huko Marekani. Mkulima mpole, aliyebaki peke yake shambani baada ya mama yake kufa. Chumba cha mama hakukigusa. Majirani walimwachia hata watoto wao. Kumbe anafukua makaburi, anaua wanawake, na ngozi za maiti anazivaa!

Wiki hiyohiyo madam akasema kaka yake anayeishi Hatta, kule mbali milimani, hana wa kumpikia tangu mama yao afariki. Mdogo wangu, tuliyefanya naye kazi nyumba moja pale Al Warqa, Dubai, angeazimwa kwake. Ndivyo ilivyokuwa familia ile: leo uko kwa dada, kesho kwa shangazi, kama sufuria. Pasipoti zetu alizikalia madam.

Huyo kaka nilishamwona. Mpole! Anasalimia huku ameinamisha macho sakafuni. Jamani, nikamwonya mdogo wangu.

"Dada, wewe na sinema zako," mdogo wangu alinicheka akifunga begi.

Siku ya pili akanipigia. "Amenipa nguo za mama yake. Na chumba cha mama yake, eti nilale humo."

"Jifungie!"

"Mlango hauna ufunguo."

Nilimwendea madam machozi yakinitoka, nikamweleza yote, hadi habari za yule muuaji. Alinitazama kama nimerukwa na akili.

"Nguo za marehemu tunazitoa sadaka. Na chumba hicho ndicho chenye AC. Unataka alale kwenye joto?"

Kwetu bara nguo za marehemu hazivaliwi ovyo. Nikaanza kumweleza.

"Khalas, imetosha. Watoto wana njaa."

Nikarudi jikoni, nikamenya vitunguu. Ningefanya nini?

Mdogo wangu alirudi baada ya Ramadhani, kanenepa, anang'aa. Yule bwana alikuwa mtu mwema tu, anamlilia mama yake. Nyumba nzima ilinicheka, nami nikacheka nao, lakini roho iliniuma. Maana hata angekuwa muuaji kweli, ningelia vilevile, ningeambiwa khalas vilevile, na chakula cha watoto kingeiva kwa wakati.