Vishimo vya Rimu ya Kamachumu

Acha nijicheke mwenyewe, maana mtaa wote wa Miembeni umeshanicheka.

Miaka hii ya misiba, magari ya marehemu yanauzwa kila mara, nami hapa kwenye duka langu la vipuri nimejitangaza bingwa wa rimu za zamani za aluminiamu: ipi ya kiwandani, ipi ya kuiga, ipi ya toleo gani. Juzi alikuja mteja anayetafuta rimu ya nne ya gari lake. Bahati nzuri, mzee mmoja wa Kamachumu, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi, alikuwa bado pale dukani, ameleta moja ya aina hiyohiyo, iliyotoka kwenye gari lililoachwa njiani wakati wa vita.

Mteja akaigeuza, akaona vishimo vidogo vingi ukingoni. Akauliza kama ni kasoro.

"Kasoro?" nikacheka kwa dharau. "Hiyo ni alama ya kiwanda! Toleo la kwanza tu ndilo lililopigwa hivyo. Hii ni adimu, ndugu yangu."

Mteja akaishika kama ameshika yai. Mzee akakohoa.

"Waitu, bwana fundi, vishimo hivyo nilivipiga mimi kwa nondo, kila asubuhi, miaka kumi. Hii ilikuwa kengele ya shule yetu."

Duka zima likaangua kicheko. Mzee akavua kofia, nikamtambua: mwalimu wangu wa darasa la tano!

"Shikamoo, mwalimu," nikanong'ona.

"Marahaba. Wala sikulaumu kwa kutoitambua, mwanangu. Wewe kila siku ulifika imeshagongwa."