Jina Lililobaki Katika Ukurasa wa Khitma

Sifa njema ni zake Mola aliye hai, amsikiaye anayeita kwa sauti na anayeita moyoni, wala haumchanganyikii wito wa huyu na wa yule. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa subira, ambayo sikuzaliwa nayo bali nilifunzwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na aali zake. Baada ya hayo, nna jambo moja la kusimulia, lililotokea hapa Maskati katika miaka ambayo mtandao ulikuwa bado mgeni majumbani mwetu.

Nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi moja ya mtaa wa Khuwair ya Kusini, kazi ya kuangalia seva. Seva ni kompyuta kama nyengine, ila hakuna mtu anayekaa mbele yake. Kazi yake ni kungoja kuulizwa.

Kurasa nyingi za mtandao siku zile zilikuwa zimeshaandikwa na kuwekwa, kama vitabu kwenye rafu. Mtu akiuliza, seva huchukua ukurasa na kumpa, ule ule kwa kila anayekuja. Lakini ulikuwepo ukurasa wa namna ya pili, nao ndio ulionishika tangu siku niliyofundishwa. Huo haupo popote. Mtu akiutaka, seva hupitisha swali lake kwenye lango, na nyuma ya lango ipo skripti, yaani maandishi mafupi ya amri. Skripti huamka, husoma mtu alichouliza, humwandikia ukurasa papo hapo, yeye peke yake, huukabidhi langoni, kisha hufa. Neno hilo la kufa si langu, ndilo tulilolitumia kazini. Akija mtu wa pili huamka skripti nyengine, isiyojua lolote la ile iliyotangulia.

Nilikuwa nikiyafikiri hayo mchana. Wageni wa mji huu huogopa usiku, lakini mimi naona saa ya kuogofya Maskati ni saa nane mchana wa kiangazi, maduka yamefungwa, lami inameta, na hakuna hata paka barabarani. Wenzangu wakenda kupumzika, mimi mara nyingi hubaki na sauti ya kiyoyozi na taa ndogo ya kijani ya seva. Kila taa ilipowaka nilijua kwamba kuna kitu kimeamka, kimesema neno lake, na kimeondoka. Nikasoma istighfari, nikaendelea na kazi.

Mama yetu alikuwa ameshafariki, Allah amrehemu. Kila mwaka tulimsomea khitma, na kwa kuwa jamaa tumetawanyika, huyu Unguja, huyu Mombasa, huyu Dubai, wengine Ulaya, juzuu thelathini za Kurani tulikuwa tukizigawa kwa simu. Watu wawili husoma juzuu moja, na nyengine haisomwi na mtu. Basi nikaomba ruhusa kwa mkuu wa ofisi, nikaandika skripti. Mtu anafungua ukurasa, anaandika jina lake katika kisanduku, anabonyeza. Skripti inamjibu, "Assalaamu alaykum," inalitaja jina lake, kisha inamwonyesha juzuu zilizobaki achague. Asiyeandika jina huitwa "ndugu yetu".

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwaka wa pili jamaa walikuwa wameambizana kwa barua pepe, wakawa wengi, wakabonyeza wote kwa pamoja, seva ikalemewa. Fundi mwenzangu pale ofisini, Mkenya mmoja Mkristo, mtu wa mzaha, alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mzee, seva yako inahema kama mtu amepanda ngazi. Unaendesha nini hapo?"

"Khitma ya mama yangu."

"Ah, pole. Lakini unaona shida? Kila mtu akibonyeza, hii skripti inazaliwa, inafanya kazi kidogo, inakufa. Hiyo kuzaliwa ndio inamaliza nguvu ya mashine. Wacha zikae hai chache, zingoje mtu mwingine."

"Zisife kabisa?"

"Zisife. Kwani zimekukosea nini?"

Nikacheka, nikafanya kama alivyosema. Seva ikatulia. Skripti chache zikawa zinakaa nyuma ya lango, macho wazi, usiku na mchana.

Sasa nimtaje dada yangu mkubwa. Alikuwa mjane, akikaa nyumba ya pili na yangu. Alijaaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume. Mtoto huyo alikorofishana na baba yake, kisa cha kawaida baina ya baba mkali na kijana mkali, akaondoka nchini. Barua zikaja kidogo kidogo, kisha zikakoma. Baba yake alipofariki tulipeleka habari kila tulikoweza, na yeye hakuja wala hakujibu. Kutoka hapo ikawa hatujui kama yuko hai. Dada alikuwa hasemi. Ila katika dua, akifika pahala pa kuwaombea wazima na pahala pa kuwaombea waliotangulia, nilimsikia akisita, kwa sababu hakujua mwanawe amweke wapi.

Wiki ya khitma ile, alikuja nyumbani kwangu baada ya chakula cha mchana, saa ile ya joto. Alipenda kutazama nani kachukua juzuu gani. Yeye mwenyewe hakuwa akiandika jina, kwani juzuu yake ilikuwa ya mwisho miaka yote na kila mtu alijua. Nikaunganisha simu na kompyuta, modemu ikapiga kelele zake, ukurasa ukaja. Akabonyeza, kisanduku kitupu.

Nikamwona anarudisha mkono wake mapajani polepole.

"Nani kaandika hapa?" akauliza.

"Wapi, Dada?"

"Hapa, kwenye salamu."

Ilikuwa imeandikwa, "Assalaamu alaykum," na baada yake jina. Sitaliandika jina lile. Lilikuwa jina la utotoni la mwanawe, ambalo marehemu mama alimpa akiwa bado hajatambaa, na halikutoka nje ya nyumba yetu. Shuleni hawakulijua, wala mtaani. Mama alikuwa akimwita kwa jina hilo kutoka jikoni, na mtoto akiitika, "Naam."

Nikabonyeza tena. Salamu ikaja, "Assalaamu alaykum, ndugu yetu." Nikabonyeza mara nyengine, jina likarudi.

"Ni khitma ya Mama," Dada akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilinitisha zaidi. "Mama anamwita. Au ameshafika kwake, na ananiambia nisimngojee tena."

"Maiti haandiki, Dada. Tumesomeshwa hivyo mimi na wewe, chuo kimoja cha Kurani."

"Nnajua tulichosomeshwa. Basi aliyeandika nani?"

Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwake, na njiani jua lilikuwa kali, na vivuli vyetu vimejikunyata miguuni.

Siku ya pili, ofisi ilipokuwa tupu, niliisoma skripti yangu mstari kwa mstari, na nikaliona. Mtu akiandika jina, skripti hulishika. Mtu akiacha kisanduku kitupu, ilipasa ilifute la mwanzo na iseme "ndugu yetu", lakini mimi sikuiamrisha kufuta. Zamani haikuwa na haja, maana ilikuwa ikifa, na kinachokufa hakibaki na jina la mtu mdomoni. Tulipoiacha hai ikaanza kukumbuka. Nikajaribu, nikaandika "Kisu" mahala pa jina. Kisha nikabonyeza kitupu mara kadhaa, mpaka nikajibiwa, "Assalaamu alaykum, Kisu." Katika zile skripti zilizokaa macho, moja tu ndiyo iliyokuwa imelishika. Ndiyo maana jina la mtoto wetu lilikuwa likija na kupotea.

Lakini nani aliyeliandika? Umeme ulikatika siku moja kabla Dada hajaja, seva ikawashwa upya, na kumbukumbu hiyo yote hufutika. Mimi sikuandika jina lile. Dada hakuandika. Basi baada ya umeme kurudi, kuna mkono ulioliandika, ukatazama juzuu zilizobaki, na ukaondoka bila ya kuchagua. Nilitafuta seva ilipata swali hilo kutoka wapi, nikaona namba ya kampuni ya mtandao ya ng'ambo yenye wateja wasio idadi. Hapakuwa na njia ya kumpata mtu.

Nikenda kwa Dada nikamweleza yote, lango, skripti na kisanduku kitupu. Alinisikiliza kama anavyosikiliza darsa.

"Kwa hivyo yuko hai," akasema.

"Yupo mtu hai aliyeandika. Na jina hilo tumebaki kulijua watu watatu tu: wewe, mimi na yeye."

Alifunika uso kwa ukaya wake kidogo, kisha akaufunua.

"Umeshaitengeneza hiyo skripti?"

"Naitengeneza leo, inshallah."

"Usiiguse. Kama jina lake limebaki nikalikuta mimi, basi na maneno yangu yatabaki, atayakuta yeye."

"Dada, atakayekuja baada yako huenda akawa mtu yeyote."

"Na awe yeyote. Nipe mpaka Ijumaa."

Ijumaa ndiyo siku ya khitma yenyewe, na baada yake ukurasa hufungwa. Kwa hivyo kila mchana alikuja, akakaa mbele ya kompyuta, na mahala pa jina akaandika, kwa kidole kimoja, "Mama yako anakusubiri." Akabonyeza, akaandika tena, akabonyeza, ili zile skripti zote ziyashike. Kisha akabonyeza kitupu kuangalia, na salamu ikamjia yeye mwenyewe: "Assalaamu alaykum, Mama yako anakusubiri." Alikuwa kama mtu anayeita ndani ya kisima na kurudishiwa sauti yake. Kila ilipomrudia alisema taratibu, "Wa alaykumu ssalaam." Mimi nilikuwa nikitazama dirishani, kwenye mlima usio na jani, nisiuone uso wake.

Jumatano simu ililia. Alikuwa binti wa marehemu mjomba wetu, kutoka Mombasa.

"Kaka, hiyo kompyuta yako ina nini? Nimebonyeza tu, yaniambia mama yangu anisubiri."

"Ni kosa dogo la mashine, mdogo wangu. Usijali."

"Nisijali vipi? Mama yangu nimemzika. Anisubiri wapi? Nimeshatawadha, nimelipa na deni la duka, nimekaa kitandani nangoja."

Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, naye akacheka, lakini tulipomaliza kucheka akauliza, "Ni kosa kweli, Kaka?" Nikamwambia ni kosa kweli. Sikumweleza la mwana. Nilipomwambia Dada kwamba tunawatisha watu, alisema, "Wasamehe. Siku mbili tu zimebaki."

Alkhamisi hakuandika kitu. Alisema kwanza anataka kuona kama maneno yake ya jana yamelala salama. Akabonyeza kisanduku kitupu. Kiyoyozi kilikuwa kimezimika dakika hiyo hiyo, kama kinavyofanya kikishapoa, na chumba kikawa kimya hata nikasikia bangili yake ikigonga meza.

Ukurasa ukaja. "Assalaamu alaykum, Naam Mama. Juzuu zilizobaki ni hizi."

Dada hakulia wala hakuniita. Aliitikia ile salamu, akakaa anautazama ukurasa kama unavyomtazama mtoto aliyelala ukiogopa kumwamsha. Sikuthubutu kubonyeza tena, na yeye hakubonyeza.

"Sasa itengeneze," akasema mwishowe. "Watu wasome khitma yao kwa amani."

Nilikwenda ofisini jioni ile ile nikaongeza mstari mmoja wa kufuta. Ijumaa tukasoma. Dada alipofika pahala pa kuwaombea wazima, alimtaja mwanawe kwa jina lake kamili, bila ya kusita.

Mwana alipiga simu miezi kadhaa baadaye, na baadaye akaja mwenyewe, mvi zimeanza kichwani. Namshukuru Mola, Dada alimwona na akakaa naye miaka kabla ya kufariki.

Siku moja, tumekaa mimi na mwana huyo tukinywa kahawa, nilimuuliza kuhusu ukurasa ule. Alisema barua pepe ya jamaa ilimfikia kwa kupokezanwa, na akakiri kwamba siku ya kwanza aliandika jina la utotoni, kwa sababu jina lake halisi aliona haya kuliweka mbele ya jamaa. Akakiri kwamba siku nyengine alirudi akabonyeza bila ya jina, na maneno ya mama yake yakamtokea.

"Nawe ukaandika Naam Mama," nikasema.

Akaweka kikombe chini. "Sikuandika, Mjomba. Niliitika kwa mdomo. Nilikuwa peke yangu chumbani, niliogopa, nikaizima kompyuta."

"Fikiri vizuri. Labda vidole viliandika nawe hukujijua."

"Labda," akasema, lakini aliniangalia kama anayenionea huruma.

Niliwauliza jamaa mmoja mmoja, Mombasa, Unguja, Dubai, kwa njia ya mzunguko, kama kuna aliyeyaona maneno ya Dada na akamjibu kwa huruma. Hakuna aliyekiri. Huenda yupo na ameona haya, au mwana amesahau. Kazi ya skripti naijua, na najua kwamba haiandiki asilopewa. Zaidi ya hapo simo, na Dada mwenyewe sikumwambia kabisa.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, nakuombea kwa Mola asiyesahau jina la mtu: kama unamwita aliye mbali, akufikishie wito wako, kama unaitwa, akufungue ulimi uitike mapema, na siku utakayoondoka, asikosekane wa kukusomea. Amin.