Daftari la Mjumbe

Uraia ndilo somo lililoniangusha kidato cha nne, na miaka kumi na tisa baadaye likanifuata mpaka Boko. Mkuu mpya wa chekechea ninakofundisha alitutangazia kwamba asiye na cheti kilichokamilika, mwakani asije. Siku hiyo hiyo nikajiandikisha darasa la mtandaoni la kurudia Uraia. Nilikaa kitandani na simu, nikajaza jina, nikapiga picha ya kitambulisho, nikajiona msomi. Ukurasa wa mwisho ukataka barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Bila barua, somo la kwanza halifunguki.

Barua hiyo huanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Wetu ni mzee anayeshona viatu njia panda. Nimempitia miaka minane nikimrushia shikamoo huku natembea, na siku hiyo ndiyo kwanza nilisimama. Nilimweleza shida yangu. Akafuta mikono, akatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, akapitisha kidole kwenye orodha ya nyumba yetu. Wapangaji wenzangu wote walikuwemo.

"Nilikuja mara tatu, mwanangu," akasema. "Mara zote tatu wakaniambia hayupo. Na mie nikaandika hayo hayo."

Akanigeuzia daftari. Kweli, mbele ya chumba changu palikuwa na neno moja: Hayupo.

Kila aliyebisha hodi na daftari nilimhesabu mtu wa michango, ya ulinzi au ya barabara, basi nilikuwa nazima redio na kumkonyeza jirani yangu wa chumba cha pili aseme sipo. Wakishaondoka tunacheka mpaka machozi. Nilijiona mjanja wa mjini.

Mzee hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema hawezi kumtambulisha mtu asiyemjua. Nije na mwenye nyumba aniandikishe kwa mdomo wake. Mwenye nyumba wetu yuko Songea, anamuuguza mama yake. Nilipompigia akasema atakuja mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ijumaa nilishinda na simu mkononi, nikijidanganya kwamba labda mtambo utanionea huruma. Kilichofunguka ni utangulizi tu, mwalimu mwenye sauti nzuri akieleza kwamba raia huanza kujulikana mtaani kwake. Nilimtukana kimoyomoyo, kisha nikajitukana mwenyewe. Ilipofika saa kumi ukurasa ukafungwa. Waliandika kwamba darasa lingine ni mwakani.

Jumamosi asubuhi mtu akabisha hodi uani, akaniulizia. Jirani yangu alikuwa anaosha vyombo mbele ya dirisha langu. Hakunitazama, wala mie sikumkonyeza.

"Hayupo," akasema.

Nilibaki nimekaa kitandani, na sikuona kama amedanganya.